Shajara ya chemsha bongo 30, Pangani

Wiki ya 1, Jumanne

Nimefungua kaunta buku mpya kwa kazi hii peke yake. Mpango ni kijitabu cha chemsha bongo 30 za hesabu na mantiki, kwa Kiswahili, cha watoto wa darasa la tano mpaka la saba wanaobaki nami Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tisa alasiri. Leo walikuwa 19. Wiki ijayo, nawajua, watakuwa 12.

Mafumbo mengi ninayoyajua niliyapata kwenye vitabu vya Kiingereza nikiwa chuo. Kwa hiyo kazi yenyewe naiona nyepesi: natafsiri, pauni inakuwa shilingi, John anakuwa Juma, kisha naenda steshenari kutoa kopi. Nimejipa wiki sita.

Mwalimu mwenzangu kaniuliza kwa nini nihangaike na Kiswahili wakati sekondari watasoma hesabu kwa Kiingereza. Nimemjibu kwamba mtoto akishindwa fumbo nataka niwe na hakika kashindwa na fumbo, si na lugha. Hakuridhika, ila kaniazima kibanio cha karatasi.

Yaliyokamilika: 0 kati ya 30.

Wiki ya 1, Alhamisi

Nimeanza na la kale. "Kitendawili!" "Tega!" Mtu yuko Bweni, anataka kuvuka Mto Pangani aje mjini. Ana chui, mbuzi na mzigo wa majani. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu kati ya hivyo. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akiacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Atavukaje?

Nilidhani mtihani ni kuvuka. Kumbe mtihani ni kulifikia hilo swali. Mikono ilipanda kabla sijamaliza: si apande pantoni? Chui kampata wapi? Kwa nini asimfunge mbuzi mdomo? Kijana mmoja wa darasa la saba, uso mkavu kabisa, akasema chui hawezi kuwekwa mtumbwini na mtu mzima mwenye akili, kwa hiyo mwenye swali ndiye mwenye tatizo.

Nilikaribia kukasirika. Halafu nikaona kwamba wanafanya hasa ninachotaka wafanye: wanatafuta masharti ambayo sikuyasema. Tumekubaliana kanuni ya klabu. Jibu la kukwepa halihesabiwi kuwa jibu, lakini anayelitoa akitaja ni sharti gani limekosekana kwenye swali, anapata pointi moja na sharti linaandikwa. Fumbo namba 1 sasa lina mistari miwili zaidi: pantoni imeharibika, na kamba hakuna.

Walicheza kwa jiwe, kokoto na jani la mwembe. Kilichowachelewesha ni kumrudisha mbuzi. Ukishamvusha, kumrudisha ulikotoka kunaonekana hasara, na watoto wa hapa hawapendi hasara. Aliyethubutu kwanza alikuwa binti mdogo kuliko wote. Safari ni 7, na njia ziko mbili: baada ya mbuzi unaweza kumchukua chui, au majani, mengine yote yanafanana.

Nimewaambia kwamba fumbo hili linasimuliwa Unguja kwa chui na majani, na kwamba Wazungu wanalo lao la mbwamwitu, mbuzi na kabichi katika mkusanyiko wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804. Hilo halikuwagusa. Walichotaka kujua ni kama chui hula kabichi.

Wiki ya 2, Jumanne

Mafumbo mawili leo, yote yamenifia mikononi.

La kwanza: "Asha ana kaka watatu. Kila kaka ana dada wawili. Wasichana ni wangapi?" Jibu la kitabu ni wawili, Asha na mwenzake, mtego ni kwamba mtu hukimbilia kuzidisha akasema sita. Hakuna aliyezidisha. Wakauliza: wa tumbo moja? Maana mtoto wa mama mkubwa naye ni dada, na mtoto wa baba mdogo naye ni dada, na kama kaka mmoja ni wa mama mwingine basi dada zake si lazima wawe dada zake Asha. Kwa ukoo wa kweli wa nyumba za huku, swali halina jibu moja. Nimeongeza "wa baba mmoja na mama mmoja, wala msiwahesabu wengine", na fumbo limebaki zima, ila limekuwa refu kama mkataba.

La pili halikupona. Baba na mwanawe wamepata ajali, baba kafariki papo hapo, mtoto kafikishwa hospitali, daktari akamtazama akasema, "Siwezi kumpasua huyu, ni mwanangu." Daktari ni nani? Jibu la kitabu ni mama yake, na kitabu kinasubiri usahau kwamba mwanamke anaweza kuwa daktari. Majibu niliyopata, kwa mfuatano: baba yake mdogo. Baba mkubwa. Mama. Babu. Jirani. "Hata wewe Mwalimu unatuita wanangu."

Wote wako sahihi! Neno "mwanangu" kwetu halimfungi mtu mmoja. Nimelifuta kwa kalamu nyekundu na wala silisikitikii.

Kabla hatujatawanyika tulijaribu la saa: kwenye saa ya ukutani, saa tatu kamili, akrabu mbili zinafanya pembe ya nyuzi ngapi? 90, wote wamepata, tena haraka. Nimeandika kijitabuni na ndugu yake mgumu zaidi: saa tatu na robo. Jibu nimelichukua kitabuni, nyuzi 7 na nusu, kwa sababu akrabu fupi nayo inakuwa imesogea. Sikulijaribu darasani, muda uliisha.

Yaliyokamilika: 6.

Wiki ya 2, Alhamisi

Mvua. Wamekuja 5. Daftari na kalamu kwa pamoja shilingi 1,100; daftari linaizidi bei kalamu kwa shilingi 1,000; kalamu ni bei gani? Wanne wakasema 100. Wa tano alinyamaza, akaandika, akafuta, akasema 50. Nikamwomba awashawishi wenzake bila kunitazama mimi. Hakutumia x wala y. Alisema: "Toa kwanza ile elfu ya majivuno ya daftari. Imebaki mia. Sasa wagawane sawa." Nimeandika maneno yake kama maelezo ya jibu, neno kwa neno.

Wiki ya 3, Jumanne

Leo Kiswahili kimenionyesha nilipokuwa nimelala.

Mafumbo ya wakweli na waongo: kisiwani kuna watu wa namna mbili, wakweli husema kweli daima, waongo husema uongo daima. Unakutana na wawili. Wa kwanza anasema jambo, wewe ueleze kila mmoja ni nani. Nilitafsiri moja la kuanzia, jepesi, na sentensi ya wa kwanza ikawa: "Sote si wakweli."

Nikawapa dakika kumi. Nusu ya darasa wakasema wa kwanza ni mwongo na wa pili ni mkweli. Nusu wakasema kinyume chake kabisa. Si kwamba nusu walibahatisha. Kila upande ulikuja na hoja iliyofungwa vizuri, na kwa muda nilisimama pale ubaoni nikiwa sijui niwaambie nini.

Upande wa kwanza waliisikia sentensi hivi: hakuna mkweli kati yetu. Angekuwa mkweli angekuwa anajikana, kwa hiyo ni mwongo. Na kwa kuwa kasema uongo, lazima mkweli yupo, naye ni yule wa pili. Upande wa pili waliisikia hivi: si sisi sote tulio wakweli, yaani mmoja wetu angalau ni mwongo. Angekuwa mwongo, basi wote wawili wangekuwa wakweli, naye hawezi kuwa vyote viwili; kwa hiyo ni mkweli, na mwongo ni mwenzake.

Sentensi moja ya maneno matatu, majibu mawili yanayopingana, na yote mawili ni halali. Ningekaa miezi sitaweza kulitunga hili kwa kukusudia. Nimeliacha kijitabuni kama lilivyo, namba 11, na swali nimelibadilisha: "Sentensi hii ina maana ngapi? Kwa kila maana, nani ni nani?" Kisha nimepitia mafumbo yote yaliyokwisha nikitafuta "wote", "sote" na "si" zilizokaa karibu. Nimekuta mengine mawili. Tangu sasa: "hakuna hata mmoja" au "si wote", basi.

Na neno "au" pia lina kesi yake. "Chai au maji" kwa mgeni haimaanishi vyote viwili. "Anayejua njia au mwenye simu anyanyue mkono", mwenye vyote viwili atanyanyua. Nimeandika "au vyote viwili" kila mahali panapohitaji, hata panapochosha kusoma.

Wiki ya 3, Alhamisi

Nazi tisa, moja nyepesi, mizani ya sahani mbili, upime mara mbili tu. Pingamizi likaja kabla ya hesabu: nazi hazilingani uzito hata kidogo, muulize yeyote. Kweli. Zimekuwa pakiti tisa za chumvi. Tatu huku, tatu kule, tatu chini. Kisha moja huku, moja kule, moja chini. Wamemaliza mapema, tukapanga 1 mpaka 9 katika mraba wa mashimo tisa mchangani, kila mstari ujumlishe 15. Wote waligundua wenyewe kwamba 5 lazima ikae katikati. Siku safi, sina zaidi.

Yaliyokamilika: 14.

Wiki ya 3, Jumamosi

Nilipita barazani kwa wazee wa bao kuhakiki fumbo la kete. Nilikuwa nimeandika: "Bao lina kete 64, kila mchezaji anaanza na 32 mkononi." Nikamsomea Babu mmoja baada ya shikamoo. Akaitikia marahaba, akaendelea kucheza, na zamu yake ilipopita akasema bila kuinua macho: "Hilo bao gani? Nyumba iko tupu?"

Nilicheza bao utotoni nikasahau. Katika bao la Kiswahili kila mtu anaanza na kete 6 katika nyumba, yaani shimo lake kuu, na 2 na 2 katika mashimo mawili ya jirani. Zimeshatoka 10, mkononi zinabaki 22. Kila zamu ya namua, yaani hatua ya mwanzo ya kuingiza kete za mkononi, unaingiza moja. Kwa hiyo namua, mchezo usipokatika kabla, huchukua zamu 44 kwa wachezaji wawili.

Fumbo jipya: "Tuko kwenye namua, ni zamu yangu. Nina kete 9 mkononi, na mwenzangu ana 9. Zimeshachezwa zamu ngapi, na ubaoni kuna kete ngapi?" Zamu 26, kete 46. Babu alijibu la pili papo hapo, la kwanza alikataa kulijibu. Alisema zamu zilizopita hazimsaidii mtu.

Wiki ya 4, Jumanne

Hapa ndipo nilipotarajia makofi. Mzee kafariki, kaacha ng'ombe 17 (kitabuni ni ngamia). Kausia mwana wa kwanza apate nusu, wa pili theluthi, wa tatu tusui (moja ya tisa). Kumi na saba haigawanyiki. Jirani mwema analeta ng'ombe wake mmoja, wanakuwa 18: wa kwanza 9, wa pili 6, wa tatu 2. Jumla 17! Jirani anachukua ng'ombe wake anarudi kwake.

Kimya. Halafu kijana mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Mwalimu, watoto wa kiume wanapata sawa. Na mrithi hausiwi."

Wengi wao asubuhi ni shule, jioni ni madrasa. Wanajua mirathi kuliko mimi. Nikasema tuchukulie ni hadithi tu. Wakachukulia, lakini kwa shingo upande, na hadithi ikakosa ladha. Nikawauliza siri iko wapi. Binti mmoja akaweka nusu, theluthi na tusui juu ya 18: 9, 6 na 2, jumla 17 juu ya 18. Kumbe mzee hakugawa mali yote. Ile sehemu moja ya 18 iliyobaki haina mwenyewe, na ng'ombe wa jirani anaificha tu.

Wiki ya 4, Alhamisi

Yule kijana kamwambia ustadhi wake habari za ng'ombe 17, na ustadhi kaniletea salamu pamoja na swali. Niliposoma karatasi nilikaa chini.

Mtu kafariki, kaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Fungu la mke, kwa kuwa kuna watoto, ni thumuni (moja ya nane). La mabinti ni theluthi mbili. Baba sudusi (moja ya sita), mama sudusi. Wagawie.

Juu ya 24: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla 27 juu ya 24. Mali imekuwa ndogo kuliko mafungu yake! Wanazuoni wa faraidhi, elimu ya mirathi ya Kiislamu, wana njia yake, wanaiita aul: unaigawa mali kwa 27 badala ya 24, kila mtu anapungukiwa kwa kipimo kilekile. Mke anapata 3 kati ya 27, ambayo ni tusui. Husimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akajibu palepale kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, akaendelea na hotuba. Ndiyo sababu linaitwa suala la mimbari.

Nimelitazama jioni nzima. Ni ng'ombe 17 waliogeuzwa ndani nje. Kule mafungu yanapungua mali kidogo, kila mmoja anaongezewa kwa 18 juu ya 17. Huku mafungu yanazidi mali, kila mmoja anapunguziwa kwa 24 juu ya 27. Kule kunahitaji jirani na hadithi ya kufurahisha. Huku ni sheria ambayo watu wameifuata kwa karne nyingi, na hakuna ng'ombe wa kuazima.

Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9, yule ambaye kitabu chake kiliipa aljebra jina, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Nilifundishwa jina lake chuoni kama tarehe ya kukariri. Hakuna aliyeniambia kwamba alikuwa akihangaikia swali ambalo ustadhi wa mtaa wa pili anaweza kuniandikia nyuma ya risiti ya duka.

Ng'ombe 17 wametoka. Namba 18 sasa ni: "Marehemu kaacha ng'ombe 27, mke, mabinti wawili, baba na mama." Inatoka 3, 16, 4 na 4. Chini yake nimeweka swali la pili kwa wakubwa: kwa nini muulizaji alichagua 27 na si 24? Nimempelekea ustadhi nakala, aihakiki kabla ya kitu chochote kwenda kopi. Kasahihisha tahajia yangu ya "faraidhi".

Wiki ya 5, Jumanne

Jaribio la kadi, ambalo mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alilitoa mwaka 1966. Mezani kadi nne: A, T, 4, 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: kadi yenye irabu ina namba shufwa nyuma yake. Ugeuze kadi zipi, bila kuzidisha, kujua kama kanuni imevunjwa?

Walichagua A na 4, karibu wote, kama wanavyochagua watu wazima kila mahali. Sahihi ni A na 7. Nyuma ya 4 kukiwa na T hakuna kilichovunjika. Nyuma ya 7 kukiwa na irabu, kanuni imekufa.

Basi tukahamia kwenye pantoni. Tumetunga kanuni: mwenye baiskeli lazima awe na tiketi nyekundu. Watu wanne kwenye foleni. Mmoja unaona baiskeli yake, tiketi kaificha mfukoni. Mmoja unaona hana baiskeli. Wawili wamesimama nyuma ya ukuta, unaona mikono tu: mmoja kashika tiketi nyekundu, mwingine nyeupe. Umkague nani? Sikumaliza kuuliza. "Wa baiskeli, na huyo wa nyeupe!" Mwenye nyekundu hakuna aliyemjali, hata awe na baiskeli au asiwe nayo.

Ni fumbo lilelile, nimewaonyesha moja kwa moja ubaoni: tiketi nyeupe ndiyo 7. Kijana wa uso mkavu akatikisa kichwa. "Kadi haziibi, Mwalimu."

Nimeyaweka yote mawili kurasa mbili zinazotazamana, ya pantoni kwanza.

Yaliyokamilika: 24.

Wiki ya 6

Nimejaza mengine matano usiku mmoja, ya kawaida: kupeana mikono kwa watu 10, mara 45, kujumlisha 1 mpaka 100 kwa kuoanisha wa mwanzo na wa mwisho, 5,050, lita 4 kwa kutumia ndoo ya 3 na ya 5, na mengine mawili ya namba tasa. Hayana shida wala habari. Namba 30 nimeiacha wazi, ukurasa mtupu wa "tunga lako".

Steshenari: vijitabu 40, kurasa 8, shilingi 100 kila ukurasa, jumla 32,000. Mfuko umelia lakini wiki sita nilizojipa zimetimia.

Wiki ya 7, Jumanne

Nimegawa. Walikuja 23, pamoja na wawili wa darasa la nne waliojiingiza. Kufikia saa kumi kulikuwa na vurugu upande wa dirishani, na ilikuwa kuhusu fumbo namba 7: saa tatu na robo.

Binti wa darasa la sita alikuwa kachora saa. Akrabu ndefu ikitazama 3, kama inavyopaswa kwa robo. Akrabu fupi ikitazama 9, imepita kidogo. Akaniuliza hizi nyuzi 7 na nusu ziko wapi, maana yeye anaona akrabu zimepeana mgongo.

Nikatazama saa ya ukutani kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Saa tatu asubuhi, akrabu fupi inakuwa kwenye 9. Kila Mswahili anajua hilo toka utotoni, hasomi namba iliyoandikwa, anasoma ile inayoitazama upande wa pili. Kitabu cha Kiingereza kilisema tatu na robo kikimaanisha akrabu kwenye 3, nami nikatafsiri maneno nikaiacha saa ya watu wengine ndani yake. Hesabu ya binti: kutoka ndefu mpaka fupi ni nyuzi 187 na nusu kwa njia ndefu, kwa hiyo pembe ni 172 na nusu. Kosa limeshatolewa kopi 40.

Niliwapa jibu lake, nikakiri, tukaandika masahihisho kwa kalamu vitabu vyote 40. Kilichonisumbua njiani kurudi nyumbani ni kwa nini sikuligundua wiki ya 2. Tulijaribu saa tatu kamili na ikatoka sawa. Akrabu fupi kwenye 3 au kwenye 9, ndefu ikiwa juu, pembe ni 90 vyovyote vile. Nilichagua kujaribu kwa saa ambayo kosa halionekani.

Wiki ya 7, Alhamisi

Wamekuja na jambo. Binti yuleyule na wenzake wawili wamejaza jedwali: saa mbalimbali, pembe ya saa yetu, pembe ya "saa ya Mwalimu". 172 na nusu kwa 7 na nusu. Saa mbili kamili: 120 kwa 60. Saa sita kamili: 0 kwa 180. Saa nne na nusu: 135 kwa 45. Kila mstari unajumlisha 180.

Sikuwa nimeliona. Kugeuza akrabu fupi kwa nusu mzunguko ni kubadili pembe kuwa ile inayobaki mpaka 180, basi, kila mara, saa yoyote. Nikawauliza kwa nini. Mmoja akachukua rula mbili, moja akaishika katikati, akazungusha nyingine: upande huu ni saa yetu, upande ule ni saa ya Mwalimu, na rula ni mstari ulionyooka.

Kisha wakanionyesha ukurasa wa namba 30, ule mtupu. Wameandika:

"Mwalimu alichora saa akaiweka akrabu fupi upande usio wake. Kati ya saa sita mchana na saa sita usiku, ni mara ngapi kosa lake lisingejulikana kwa kupima pembe?"

Kosa halijulikani pale tu pembe mbili zinapolingana, yaani zinapokuwa 90 kila moja. Wao wamehesabu mbili kwa kila saa, saa 12, jumla 24. Nimewaambia wamekaribia. Nimewaambia pia wairudie kwa makini hesabu ya saa tatu kamili na ya saa tisa kamili, waone kama hawajazihesabu mara mbili, nikaenda kuteka maji. Niliporudi ubao ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya, na chini, kwa herufi kubwa: 22.

Yaliyokamilika: 30. Gundi na karatasi za kubandika juu ya namba 7: shilingi 1,500.